Sura ya Tano: Meno Si Sufuria

Upande wa ziwa wa kaunti ya Homa Bay, kwenye rasi inayobeba Mlima Homa, kuna mahali paitwapo Nyayanga. Watafiti walioongozwa na Thomas Plummer wa Queens College, New York, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walifukua pale zana za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo ulio karibu na wetu ambaye ametoweka zamani sana. Jarida la Science lilichapisha habari hizo Februari 2023. Umri wa vitu hivyo ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kwa muda wote huo mvua imenyesha, ziwa limepanda na kushuka, udongo umemomonyoka na kujaa tena, na magego yale yamebaki magego.

Kilichoyaokoa ni enameli, lile tabaka jeupe la nje ambalo kila mmoja wetu analo kinywani. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili mzima. Kwa uzito, asilimia 96 hivi ya enameli ni madini matupu. Inapokuwa nene zaidi, juu ya magego, haizidi sana milimita mbili na nusu, na kadiri unavyoshuka kuelekea ufizi inazidi kuwa nyembamba hadi inakwisha kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba enameli haina chembe hai. Zile zilizoijenga hufa jino linapochomoza. Mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda huunga, na ngozi iliyochubuka hurudi, lakini enameli iliyoondoka imeondoka. Mate yanaweza kuirudishia madini kidogo pale ilipoanza kulegea, basi. Kuota upya haioti.

Inakuwaje basi kitu kilichoshinda ardhi kwa miaka milioni tatu kishindwe na mtu mwenyewe kabla hajafika uzee? Mara nyingi jibu letu la haraka ni uchafu: watu hawapigi mswaki. Hilo lina ukweli wake, na sura iliyotangulia imelieleza. Lakini katika Rangwe, humo humo kaunti ya Homa Bay, kuanzia Kochia hadi Kagan na Gem, kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni la watu wasafi kupita kiasi. Hao hupiga mswaki kila siku bila kukosa, kwa bidii na kwa nguvu, na bado ukiwatazama karibu utaona ufizi umerudi nyuma, jino limekuwa refu, na pale shingoni pake pamechimbika kijishimo. Maji baridi yanawatia ganzi. Wanadhani meno yao ni mabovu kwa asili, kumbe ni mkono.

Mkono huo una malezi yake. Katika boma la Nyanza, usafi wa mama wa nyumba hupimwa kwa sufuria. Sufuria iliyotoka mekoni ikiwa nyeusi kwa masizi husuguliwa kwa majivu na mchanga, au kwa waya, mpaka uweze kujitazama humo. Mtoto hufundishwa kukaza mkono, na anayekaza zaidi husifiwa. Kwa sufuria ni sawa, kwa kuwa masizi yameungua na kugandamana. Kosa huja mkono huo huo unapohamia kinywani, kwa sababu uchafu wa kinywani si wa namna ile.

Uchafu huo ni utando wa bakteria, laini kabisa, unaojijenga juu ya jino saa chache baada ya kusafishwa. Pitisha ukucha kwenye jino lako unapoamka asubuhi, utauona: mweupe, wenye kunata. Ndio mwanzo wa ukoga. Ukiwa bado laini, hauhitaji nguvu yoyote kuondoka. Unachohitaji ni kufikiwa. Ukiachwa siku kadhaa, madini ya mate huugeuza kuwa jiwe, na ukishakuwa jiwe hakuna mswaki wala mkono wa mtu utakaoutoa. Hapo ni kazi ya mhudumu wa meno na vyombo vyake. Kwa hiyo nguvu haina nafasi katika hali zote mbili. Utando laini hauhitaji kabari, na jiwe halitikisiki kwa nyuzi za nailoni. Sehemu pekee zinazosikia nguvu hiyo ni ufizi na shingo ya jino.

Na shingo ya jino ndipo penye udhaifu. Enameli nzima, isiyolegezwa na chochote, haiathiriki sana na mswaki na dawa ya kawaida. Hili lisemwe wazi ili tusiwatishe watu bure. Lakini chini ya ufizi, mzizi haukuvikwa enameli. Umefunikwa kwa tabaka jembamba na laini, na chini yake ipo dentini, iliyo laini kuliko enameli na yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ufizi ukisukumwa nyuma mwaka hadi mwaka, mzizi unabaki wazi. Kisha dawa ya meno, ambayo huwa na unga wa kusugulia kama silika au kalisiamu kaboneti, ikikandamizwa pale na mkono mzito, inaanza kuila dentini. Wenye kutumia mkono wa kulia mara nyingi huumia zaidi upande wa kushoto wa kinywa, kwa sababu ndipo mswaki unapoanzia na ndipo mkono unapopata nguvu yake.

Kuna meno sita ambayo kwa wenyeji wa Rangwe yanastahili kuzungumziwa peke yake. Zamani Wajaluo waliyang'oa: manne ya mbele ya chini pamoja na chonge mbili. Desturi hiyo, nago lak, ilifanywa mtoto alipokuwa akivuka kuingia utu uzima, na aliyebaki bila pengo alionekana bado mchanga. Ilikuwa alama ya ukoo na ya ushujaa. Wazee pia walieleza kwamba pengo lile lilisaidia kumpitishia mgonjwa uji taya zikifunga kwa pepopunda. Shule na misheni, ikiwemo ile ya Wakatoliki iliyoanzishwa Asumbi mwanzoni mwa karne ya 20, zilichangia desturi hiyo kufifia, na leo pengo hilo utaliona kwa wazee wachache tu. Wajukuu wakabaki na meno sita ambayo babu zao hawakuwa nayo.

Sasa, ukimwuliza mhudumu wa meno ni wapi ukoga hugeuka jiwe upesi zaidi, atakuonyesha hayo hayo sita, kwa upande wa ndani, unaotazama ulimi. Chini ya ulimi ndipo mirija ya tezi kubwa za mate inapofungukia, na mate yale yamejaa madini. Na ukimwuliza ni wapi ufizi ulipo mwembamba zaidi na mfupa wake ni kama karatasi, ataonyesha meno yale yale, kwa upande wa nje. Hapa ndipo linapotokea jambo la kusikitisha: mtu husugua kwa nguvu upande wa nje, unaoonekana kwenye kioo, ambako ufizi hauwezi kustahimili, na kuuacha upande wa ndani, ambako jiwe linajijenga. Nawasihi wasomaji walio chini ya miaka arobaini waende mbele ya kioo leo, wavute mdomo wa chini, na kulinganisha urefu wa meno hayo sita. Likionekana moja refu kuliko wenzake, huenda ufizi wake umeshaanza kushuka.

Njoo kwenye vitu tunavyosugulia. Mchanga wa ufukweni una chembe za kwazi. Katika kipimo cha ugumu wa madini kiitwacho Mohs, kwazi ni 7 na enameli ni 5. Maana yake ni kwamba kila chembe ya mchanga inaweza kuikwaruza enameli, na enameli haiwezi kuijibu. Majivu na mkaa uliosagwa navyo vina chembe za kukwaruza, na unga wa mkaa unaouzwa sasa kwa sifa za kung'arisha meno hauna floridi ya kuyakinga. Huonekana umefanya kazi kwa sababu umeondoa madoa ya chai ya juu juu. Ukiendelea, enameli inakuwa nyembamba, na dentini iliyo chini yake rangi yake ni ya manjano. Aliyetafuta weupe anaishia na umanjano.

Wanaosugua kwa mchanga na mkaa kwa uchungu zaidi ni wale wenye meno ya kahawia. Familia nyingi za Nyanza zimefanya kazi Nakuru na Naivasha, na watoto wao wamekulia kwenye maji ya Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkano hutia floridi nyingi kwenye visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hilo hupita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya hutokewa na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya enameli yenyewe. Yalikuwapo kabla jino halijachomoza. Kijana anayedhihakiwa shuleni kwa ajili yake anaweza kusugua hadi damu itoke, na doa halitapungua hata chembe, huku enameli, ambayo kwake tayari ni dhaifu, ikizidi kupotea. Kijana huyo anahitaji kuambiwa kwa upendo kwamba si mchafu. Daktari wa meno ana njia za kuyafifisha au kuyafunika madoa. Mchanga si mojawapo.

Kuna saa za siku ambapo hata mswaki mzuri na mkono mwepesi vinaweza kudhuru. Enameli huanza kupoteza madini pale kipimo cha uchachu, pH, kinaposhuka chini ya 5.5. Soda aina ya kola iko karibu na 2.5. Ndimu tunayokamulia samaki ni kali vilevile. Na nyuka, uji wetu wa asubuhi, mara nyingi hutiwa ndimu au ukwaju, ule tunaouita chwaa, upate ladha. Sikuambii uache uji huo. Ila ukimaliza kikombe cha uji mchachu na kushika mswaki papo hapo, unasugua enameli iliyolegea. Piga mswaki kabla ya uji, au sukutua kwa maji matupu na ungoje nusu saa, mate yatarudisha hali. Watu wa ukanda wa miwa, kuanzia Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha SONY kimekuwepo tangu 1979, hadi Ndhiwa, wana shida nyingine: muwa unaotafunwa polepole mchana kutwa hulisha bakteria mfululizo, nao hutengeneza asidi yao wenyewe. Jioni mtu anajua amekula sukari nyingi, anajihukumu, na hukumu yenyewe ni kusugua mara mbili zaidi. Kingesaidia zaidi ni kuumaliza muwa kwa mkao mmoja, kisha kunywa maji.

Mtu aliyetufundisha kupiga mswaki kwa upole alitokea kwenye malaria. Charles Bass, daktari wa New Orleans nchini Marekani, ndiye aliyefaulu pamoja na mwenzake, mwaka 1912, kukuza vimelea vya malaria nje ya mwili wa binadamu, kazi ambayo mkaazi yeyote wa Nyanza anaweza kuithamini. Alipostaafu aligeukia meno, na hadubini yake akaielekeza kwenye ukoga. Aliona kwamba hatari kubwa haiko juu ya jino bali kwenye ukingo, pale jino linapozama ndani ya ufizi. Mwaka 1948 alichapisha vipimo vya mswaki unaofaa: nyuzi za nailoni nyembamba, kama sehemu 18 za mia za milimita, zenye ncha za mviringo. Alikufa mwaka 1975 akiwa na miaka mia moja.

Njia iliyotokana na kazi yake ni rahisi. Mswaki unalazwa kwa mshazari, nusu ya nyuzi zikigusa jino na nusu zikigusa ufizi, zikielekea ule ukingo. Kisha unautikisa kidogo sana, mitikiso mifupi, bila kuusukuma mbele na nyuma kwa kasi kama wengi tulivyozoea. Unahesabu polepole hadi kumi, unafagia kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, unahamia mawili matatu yanayofuata. Nje, ndani, juu ya magego. Kwa meno yale sita ya chini, upande wa ndani, unausimamisha mswaki wima. Kinywa chote huchukua kama dakika mbili. Dawa iwe na floridi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, na pakiti huandika. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki ikifanya kazi.

Ushike mswaki kwa ncha za vidole, jinsi unavyoshika kalamu. Ukiushika kwa kiganja chote, bega lote linaingia kazini. Na kama unataka kujua uzito wa mkono wako, nenda kwa duka lenye mizani, ubonyeze mswaki juu ya sahani yake kama unavyofanya kinywani. Kiasi kinachofaa ni gramu 150 hadi 200. Yaani usifike hata robo kilo ya sukari. Wengi wanaojaribu hivi hushangaa kuona sindano ikiruka mbali zaidi.

Dukani miswaki huandikwa kwa Kiingereza: Hard, Medium au Soft. Chukua Soft. Najua wapo wanaoamini kwamba laini haisafishi, na wauzaji wengine huweka mgumu mbele kwa sababu ndio unaoombwa. Tazama pia mswaki ulio nao nyumbani. Wa kawaida hudumu miezi mitatu au minne. Kama nyuzi zake zimepinda nje baada ya wiki chache, si kwamba ulikuwa duni. Umeukandamiza. Na kila mtu awe na wake, kwa sababu fizi zinazotoka damu hufanya mswaki wa pamoja kuwa njia ya kupitisha magonjwa kama homa ya ini aina ya B.

Damu hiyo ndiyo inayowachanganya watu kuliko chochote. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi. Mtu akiona damu kwenye mate huchukua mojawapo ya njia mbili mbaya: anaacha kupiga mswaki pale panapotoka damu, au anasugua zaidi akidhani anatoa damu chafu. Mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Basi mara nyingi damu ni ishara ya utando uliobaki ukingoni, na dawa yake ni kuufikia kila siku kwa upole. Itaendelea kutoka siku chache za kwanza, kisha itakoma. Mama mjamzito asishangae fizi zikitoka damu kirahisi zaidi, homoni huchangia, na yeye ndiye hasa asiyefaa kuacha. Isipokoma baada ya wiki mbili, nenda hospitali.

Wala hofu ya kupoteza meno isimsukume mtu kwenye nguvu. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Mkenya Firoze Manji waliwapima watu wazima wa vijijini Machakos, na matokeo yao ya mwaka 1988 yalionyesha ukoga wa jiwe karibu kwa kila mtu, ilhali wengi, wakiwemo wazee, walikuwa bado na sehemu kubwa ya meno yao. Mwili unavumilia mengi. Usichoweza kuurudishia ni ufizi uliokwisha kusuguliwa ukaondoka.

Wanaotumia kijiti, kama wafanyavyo watu wa Pwani kwa mti wa mswaki na Waturkana kwa mti huo huo wanaouita esekon, wasidharauliwe. Ni chombo kizuri na cha bure. Lakini kijiti nacho hutaka mkono mwepesi: utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kuhusu watumiaji wake nchini Saudi Arabia ulikuta fizi zilizoshuka zaidi kwao kuliko kwa wenye mswaki wa dukani. Kitafune mpaka kilainike kama brashi, na ukiteremshe kutoka ufizini, usikiburute kwa upana.

Kwa ambaye ufizi umeshashuka, habari ni hizi. Hautapanda wenyewe, lakini unaweza kusimama hapo ulipo, miaka mingi. Ganzi hupungua kwa dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa. Kijishimo cha shingoni kinaweza kuzibwa. Ukoga wa jiwe lazima utolewe na mhudumu, na ukishatolewa utaona meno kama yamelegea au yamepata nafasi. Jiwe ndilo lililokuwa limejaza, hakuna aliyekuharibia.

Kwa watoto, kazi ni ya mzazi. Kabla ya miaka mitatu dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo kiasi cha njegere. Mtoto wa chekechea hana uwezo wa kujipigia mswaki vizuri hata akionekana anajua, hivyo mama, baba au dada mkubwa ampigie mpaka afike miaka saba au minane. Msimamishe mbele yako, mgongo wake ukikuegemea, inua mdomo wake kwa kidole, uone ufizi unapoanzia. Akilia kwamba unamwumiza, mwamini, na upunguze mkono.